Pa Katikati

Kazi yangu ni magodoro ya sufi. Niliirithi kwa marehemu mume wangu, pamoja na fimbo ya kupigia sufi na jina la utani. Yeye aliitwa Godoro, na mimi hadi leo ni Mama Godoro, hata kwa watu ambao hawajawahi kulala juu ya kazi yangu.

Sufi inataka jua. Ikija kwenye gunia huwa imeshikamana, ina mbegu, vumbi na unyevunyevu wa njiani. Ukiishindilia hivyohivyo ndani ya mfuko wa godoro, mteja atalala juu ya mabonge, na kesho yake atakuletea godoro mlangoni pamoja na maneno. Kwa hiyo unaimwaga juani, unaifunika kwa wavu isipeperuke, unaipiga, unaichambua mbegu, unaigeuza, kisha unaipiga tena. Kushona ni kazi ya mwisho, na ni kazi ya binti yangu, maana macho yangu hayaelewani tena na tundu la sindano.

Jua hilo nililipata mahali pamoja tu. Nyumba yangu imebanwa mbele na barabara na nyuma na ukuta wa mtu. Lakini ubavuni, kati ya nyumba yangu na karakana ya jirani yangu seremala, palikuwa na uwazi ambao gari la mizigo lingepita bila kukwaruza kuta. Tulipaita pa katikati, na jina jingine hapakuwa nalo.

Tulipofika hapa, mimi nikiwa bado bibi arusi, palikuwa vichaka vitupu. Hapakuwa na wa kumwomba ardhi wala wa kuinunua kwake. Ulipofyeka ndipo pako, na ulipochoka kufyeka ndipo pako palipokomea. Mume wangu alifyeka akitokea upande mmoja, na Fundi, aliyefika mwaka uleule, akatokea upande wa pili. Walipokaribiana waliacha nafasi. Hawakuwa wakifikiria mipaka, walikuwa wanaogopa moto: kila mmoja alikuwa na lundo lake la majani ya kuchoma, na hakuna aliyetaka moto wake uruke ukamtembelee mwenzake. Walipasafisha pamoja pakawa peupe, wakachoma huku na huku. Nyumba zikasimama, mtaa ukatuzunguka, pa katikati pakabaki vile walivyopaacha.

Kwa miaka yote hiyo mtu akiulizwa, "Pale kwa nani?" alijibu jina la aliyekaa pale. Kwa Godoro. Kwa Fundi. Kwa yule mama mwenye mbuzi. Mtu akihama, jina lake lilichelewa kidogo kumfuata, kisha nalo likahama. Hati yetu ilikuwa midomo ya majirani, na ilitutosha.

Pa katikati tulipatumia wote wawili. Asubuhi Fundi alitoa mbao zake mbichi, akazipanga kwenye upepo, kila ubao umetengwa na mwenzake kwa vipande vidogo ili zisipinde. Jua likipanda mimi nilimwaga sufi. Shida yetu ilikuwa moja tu: maranda. Akipiga randa na upepo umegeukia kwangu, maranda yanakuja kukaa kwenye sufi kama yamealikwa.

"Shemeji!" nilikuwa nikimwita hivyo, na yeye akiniita hivyo, kwa kuwa yeye na mume wangu walichukuliana kama ndugu. "Unataka wateja wangu walalie meza?"

"Walalie, watazoea," alijibu. "Sufi yako imeingia kwenye vanishi yangu, kuna mtu atakula chakula juu ya meza yenye ndevu."

Ndivyo tulivyoishi, hata baada ya mume wangu kuondoka duniani, na mke wa Fundi kumfuata mwaka uliofuatia.

Kisha likapita gari la matangazo. Kila kiwanja kitapimwa, likasema, kila kiwanja kitaandikwa kwenye rejista, na kila mwenye kiwanja atapewa hati yenye jina lake. Siku ya mtaa wenu msitoke, kila mtu asimame kwenye mpaka wake.

Mpima ardhi alikuja na kamba ya chuma iliyojikunja ndani ya kibweta, na mara moja watoto wakamwita Bwana Kamba. Nyuma yake walifuatana mashahidi wawili wa mtaa. Alikuwa kijana mwenye haraka, jasho limemlowesha mgongo.

"Mama, simama pako pa mwisho," aliniambia. "Nawe mzee, pako pa mwisho."

Nililelewa kutotanguliza mkono. Chakula kikiletwa, unangoja mwenzako achukue. Njia ikiwa nyembamba, unamwachia mwenzako apite. Basi nikasimama, nikaegemea ukuta wa nyumba yangu. Fundi naye akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa mlango wa karakana. Pa katikati pote pakawa wazi mbele yetu, na Bwana Kamba amesimama ndani yake anatutazama, huku, kule.

"Na hapa je? Ni pa nani?"

"Pa Fundi," nikasema.

"Pa Mama Godoro," akasema Fundi.

"Shemeji, acha mambo yako. Wewe ndiye mwenye mbao nzito."

"Na wewe ndiye mwenye sufi. Mbao zitasimama popote."

Mashahidi wakacheka, nasi tukacheka. Ulikuwa ugomvi mtamu, kila mtu anamsukumia mwenzake kipande kikubwa. Bwana Kamba hakucheka. Alingoja kidogo, akatazama mtaa mrefu uliombakia, akachovya brashi kwenye kopo. Akapiga alama nyekundu kwenye ukuta wangu na nyingine kwenye ukuta wa Fundi.

"Mashahidi mmewasikia wenyewe," alisema, akaenda zake.

Sikujua kwamba tumefanya jambo. Nilijua tumeonyeshana heshima.

Ramani ilipobandikwa nje ya ofisi ya ardhi ili watu waikague, binti yangu alikwenda kuitazama. Alirudi uso umemshuka.

"Mama, nyumba yetu ipo. Karakana ya Fundi ipo. Katikati pameachwa peupe, pameandikwa 'wazi'."

"Si ni kweli? Ni pa wazi."

"Mama, 'wazi' maana yake eneo halina mwenyewe. Lisilo na mwenyewe ni la serikali, na mtu yeyote anaweza kuliomba. Na limeshaombwa."

"Limeombwa na nani?"

"Chenji Sina."

Huyo ni mwenye duka la pembeni. Ukimpa noti anakwambia, "Chenji sina, chukua pipi." Mtaa mzima meno yameharibika kwa ajili yake. Nilikuwa nimemwona juzi yake anatembea pa katikati akihesabu nyayo. Nilipomsalimia akasema, "Napunga upepo tu, mama." Kumbe upepo wenyewe alikuwa anaupima ajenge stoo.

Nilitoka nikasimama pale. Jua lilikuwa limeishika sufi vizuri, imeumuka chini ya wavu. Nikainua macho nikaupandisha ukuta wa stoo kwa mawazo, nikaweka paa. Kivuli kilijaa kuanzia ukuta mpaka ukuta. Bila jua hilo sina godoro, na bila godoro sijui mimi na binti yangu tungeishi kwa kazi gani.

Binti yangu yeye hakuona ugumu wowote.

"Kuna siku ya pingamizi. Nenda ukaseme ni petu. Neno moja tu."

"Si petu."

"Ni pa nani?"

"Sijui."

"Kama hujui, basi ukisema petu hujadanganya. Umekisia."

"Watu wanaapishwa pale, mwanangu. Mbele ya Mungu sikisii."

Akarudi kwenye sindano yake akiuvuta uzi kama ana ugomvi nao. Mimi nikavuka kwenda kwa Fundi. Alikuwa anaunga mguu wa kiti, gundi imemjaa vidole.

"Umesikia, shemeji?"

"Nimesikia. Nitakwenda niwaambie ni pako."

"Na mimi nitawaambia ni pako."

"Basi tutakuwa tumerudi palepale, ila safari hii tumekalia mabenchi." Alifuta vidole kwenye aproni. "Shemeji, mimi siwezi kusema pangu. Nilishika panga siku ile na marehemu alishika panga. Nikisema pangu, nitakuwa nimemnyang'anya mtu ambaye hawezi kuja kunijibu."

"Nami nikisema pangu, nitakuwa nimekunyang'anya wewe unayeweza."

"Mimi nitakusamehe."

"Sitaki kusamehewa. Nataka jua."

Akacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi.

Siku ya pingamizi ilikuwa Jumanne. Nilisali mapema, na sikuomba nishinde. Niliomba nisiseme neno ambalo nitalijutia nikiwa peke yangu. Chumba kilikuwa na mabenchi marefu, feni iliyozunguka bila kuleta hewa, na ramani kubwa iliyobandikwa ukutani, pembe zake zimejikunja. Msajili alikuwa mwanamke wa makamo, sauti yake ya chini. Alimsikiliza kila aliyeitwa mpaka mwisho, hata yule aliyekuwa anazunguka mbuyu. Nilimpenda kwa hilo.

Zamu yetu ilipofika alimwita kwanza Chenji Sina. Akasimama, shati limepigwa pasi.

"Mimi sijaiba, mheshimiwa. Mpimaji aliwauliza hawa wawili wazi wazi. Mama akasema si pake. Mzee akasema si pake. Mashahidi wapo. Mimi nimeomba kilichotupwa. Kama kuokota ni kosa, niambiwe."

Ukweli ni kwamba hapakuwa na uongo ndani yake hata chembe. Mashahidi wakaulizwa, wakakubali. Kisha nikaitwa, nikaapishwa.

"Mama, siku ya kupimwa ulisema kile kipande ni cha Fundi?"

"Nilisema."

"Na leo unasemaje?"

"Bado nasema ni cha Fundi."

Nyuma yangu nilisikia binti yangu akisema, "Uwii," taratibu.

Fundi akaitwa. Alisimama kofia mikononi.

"Nilisema ni cha Mama Godoro. Na leo nasema hivyohivyo."

Chumba kikaanza kuchangamka. Mzee mmoja wa benchi la nyuma akapaza sauti: "Waoane tu, yaishe! Kiwanja kiwe cha mahari!"

Watu wakaangua kicheko. Hata Bwana Kamba, aliyekaa chini ya ramani, alitabasamu.

"Baba," nikageuka nikamwambia, "mume wangu alikoroma miaka yote ile nikavumilia. Huyu anakoroma na msumeno mchana kutwa. Nihurumie."

Wakacheka zaidi. Msajili alingoja wanyamaze.

"Nimewaelewa," alisema. "Lakini kitabu hiki kinataka mwenyewe. Hakina mahali pa kuandika majirani wema."

"Hatuwezi kuandikwa wote wawili?" akauliza Fundi.

"Mnaweza kuomba hivyo. Ombi la pamoja linasikilizwa baadaye, kwenye kikao kingine. Kwa sasa kipande kiko wazi, na ombi la huyu bwana ndilo lililotangulia. Leo likikosa wa kulipinga, nitalipitisha." Alisema bila ukali, kama mtu anayekuonyesha ngazi ilipo usije ukajikwaa. "Isipokuwa kipande kiungane leo na kiwanja kimojawapo kati ya hivi viwili. Kila mmoja wenu ameshamtolea mwenzake ushahidi. Ushahidi ninao wa kutosha. Ninachokosa ni mtu wa kupokea."

Akamtazama Fundi.

"Mzee, jirani yako amekuachia mbele yangu. Unapokea?"

Fundi aligeuza kofia yake mikononi, mzunguko mmoja mzima.

"Sipokei, mheshimiwa. Nisamehe."

"Mama. Jirani yako amekuachia mbele yangu. Unapokea?"

Maisha yangu yote nilijua namna ya kutoa. Kutoa ni rahisi, unanyosha mkono, unaondoka kichwa kiko juu. Kupokea mbele za watu, na mtu unayepokea kutoka kwake amesimama pembeni yako mikono mitupu, nilihisi shingo yangu inakataa. Nilimtazama Fundi. Alikuwa anatazama sakafu, lakini alitikisa kichwa kidogo sana, vile anavyokitikisa ubao ukikaa sawa. Nikatazama na upande wa Chenji Sina. Alikuwa ameshaanza kukunja karatasi zake, ametulia, mtu anayengoja zamu yake tu.

Nilimwomba Mungu anipe neno lisilo na uongo. Akanipa.

"Napokea," nikasema. "Si kwa sababu palikuwa pangu. Ni kwa sababu Fundi amenipa leo, hapa."

"Kwa hiyo ni pa nani?"

"Ni pangu."

Msajili akainama akaandika. "Hiyo ya kupewa leo haina nafasi kitabuni," alisema bila kuinua kichwa. "Lakini nimeisikia."

Tulipotoka, Chenji Sina alinifuata mpaka kwenye ngazi. Hakuwa na kinyongo, biashara imemfundisha kusahau haraka.

"Hongera, mama. Sasa wewe ni mwenye ardhi. Ukitaka kunipangisha hata kipembe kidogo cha kuweka magunia..."

"Kipembe sina," nikamwambia. "Chukua pipi."

Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. Tukarudi nyumbani tukiwa watatu, tukizungumza habari za vanishi na bei ya nyuzi, na mimi nilidhani mambo yamekwisha.

Bwana Kamba alirudi na kopo lake. Alama ya ukutani kwangu aliifuta kwa chokaa. Ile ya ukutani kwa Fundi akaikoleza, kwa kuwa mpaka sasa ni pale, kwenye ukuta wa karakana yenyewe. Mlango wa karakana unafungukia kwangu. Sikuwa nimefikiria hilo, na nadhani Fundi alikuwa amelifikiria kabla hajakataa.

Asubuhi iliyofuata mbao hazikutoka. Niliamka, nikasali, nikachota maji, nikatazama. Pa katikati palikuwa patupu, upepo unapita bila kazi. Nikadhani labda amechoka. Jua likapanda, nikatoka na gunia langu, nikaanza kumwaga sufi. Ndipo nikasikia sauti upande wa barabara.

"Hodi."

Nikageuka. Fundi amesimama mwanzo wa uwazi, pasipo na mlango wala kizingiti, kofia ameivua.

"Hodi hapa, shemeji."

"Fundi, unaubishia hodi upepo?"

"Pana mwenyewe sasa."

Hakuwa anatania. Nilitafuta utani usoni mwake nikaukosa. Alikuwa ameniheshimu kwa namna aliyoijua, na mimi nilisimama na konzi ya sufi mkononi nisijue pa kuiweka.

"Karibu," nikasema. "Lete mbao zako."

Alileta chache. Alizisimamisha karibu kabisa na ukuta wake, akizinyoosha moja moja, hata ile iliyokuwa inaelekea kuangukia upande wangu aliirudisha. Kisha akaingia ndani akafunga mlango, na nikasikia randa linapiga nyuma ya mlango uliofungwa, kwenye joto lile. Siku hiyo hapakuwa na hata chembe ya maranda kwenye sufi yangu. Ilikuwa safi, nyeupe, na niliichambua bila kusema na mtu.

Jambo lililonishtua lilikuja jioni, nilipokuwa nakusanya wavu. Mbao za Fundi zilikuwa bado nje. Nikajikuta nimesimama, jicho langu linafuata chini ya mbao, toka ya kwanza hadi ya mwisho, linatafuta kama kuna iliyosogea. Hakuna aliyenituma. Jicho lilikwenda lenyewe. Nililirudisha haraka, nikaona haya, ingawa hapakuwa na mtu wa kuniona ila Yule anayeona.

Nikaenda nikagonga mlango wa karakana.

"Shemeji, fungua mlango huu utakufa na joto, nani atanilalamikia sufi?"

"Maranda yatakuja kwako."

"Yaje."

Kisha akaufungua, akaurudisha nusu.

Hatujamaliza bado. Tumepeleka ombi la kuandikwa wote wawili, na msajili ametuambia tungoje kikao. Binti yangu anasema mimi ni mtu wa kwanza aliyemwona akipigania kiwanja ili akirudishe. Wakati tunangoja, Fundi kila asubuhi anakuja na ubao wake begani na anasimama palepale, kofia mkononi. Nimemkataza, hasikii. Basi nimepata njia yangu. Nikisikia miguu yake barabarani, naacha kila nilichoshika, nakimbilia nje, napaza sauti, "Karibu!" kabla hajafungua mdomo. Siku nyingine namuwahi. Siku nyingine ananiwahi yeye.